Mtoto wa Kiungani Aliyenyamazisha Ala



Katika nyumba nyingi za hapa kwetu pwani hukosi kumkuta kijana aliyeziba masikio yake kwa visikizio, kichwa chamtikisika, midomo yamchezacheza. Ukimuuliza anasikiliza nini, atakwambia ni rap, ambayo wengine wetu tumezoea kuiita nyimbo za kufokafoka. Basi mzee husonya, akasema hizo ni kelele za wahuni, akavaa viatu vyake akaenda zake msikitini. Nami nilikuwa mmoja wa wazee hao. Nilikwisha toa hukumu, hali sijamsikiliza hata shahidi mmoja. Na wewe wajua kwamba kadhi afanyaye hivyo hukumu yake haisimami.

Siku moja mwanangu, aliyesoma Kifaransa shuleni, aliniomba nikae naye kitako anifasirie albamu moja, ubeti baada ya ubeti. Albamu hiyo ilitolewa Ufaransa mwaka 2001, na jina lake ni *Si c'était à refaire*, maana yake ni kama kusema, "Lau ingekuwa ni kuanza upya". Mwimbaji wake ni Kery James. Nilikaa kwa kumridhisha mtoto tu. Nimeinuka na mambo ambayo naona ni haki yako, msomaji, nikueleze, mazuri yake na kasoro zake.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Jina lake la kuzaliwa ni Alix Mathurin. Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1977 katika kisiwa cha Guadeloupe, kilicho chini ya Ufaransa katika bahari ya Karibi, na wazee wake walitoka Haiti. Akaletwa Ufaransa angali mdogo, akakulia Orly, kiungani mwa Paris upande wa kusini, penye kiwanja kikubwa cha ndege. Usidhani kiunga hicho ni kama viunga vya wazee wetu, vya minazi, miembe na hewa safi. Viunga vya Paris vingi ni majengo marefu ya saruji, yaliyojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili ili kuwapa makao wafanyakazi na watu wa kipato kidogo. Humo wakajaa wahamiaji kutoka Afrika Kaskazini, Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi. Kazi zilipoadimika, vijana wakabaki vibarazani, kila mmoja amtazama mwenzake.

Mtoto huyu alianza mapema mno. Mwaka 1991 sauti yake ilisikika katika albamu ya kwanza ya MC Solaar, mzaliwa wa Senegal aliyekuwa akipanda kwa kasi katika fani hiyo, na wakati huo Kery James hajatimiza miaka 14. Mwaka wa pili yake, yeye na wenzake wa kundi la Ideal Junior walitoa sahani yao, *La vie est brutale*, yaani maisha ni ya kikatili. Fikiri, msomaji: mtoto wa miaka 14, umri ambao kwetu ndio kwanza anaanza kuachiwa kwenda sokoni peke yake, atangazia ulimwengu kwamba maisha ni ukatili. Ama amefundishwa kusema hivyo, ama ameyaona kwa macho yake. Kwa huyu, nadhani yote mawili ni kweli.

Kundi likafupisha jina likawa Ideal J. Likatoa albamu moja mwaka 1996, na nyingine, *Le combat continue*, mwaka 1998. Pia lilikuwa sehemu ya jamii kubwa ya waimbaji wa viunga hivyo iliyojiita Mafia K'1 Fry. Jina hilo lina siri ambayo mtu wa pwani ataifahamu upesi. Vijana wa huko husema kinyume, kama watoto wa kwetu wasemavyo kinyume: hulikata neno, wakaanza na silabi za nyuma. Neno la Kifaransa lenye maana ya Mwafrika, likigeuzwa, ndilo lililozaa hilo "K'1 Fry". Ama lile neno la kwanza, Mafia, halikuhitaji kugeuzwa. Vijana wale walikuwa wakijisifia ukali, na ukali huo haukukaa katika nyimbo peke yake. Mwaka 1999 rafiki wa karibu wa Kery James, mwenzake katika jamii hiyo, aliyejulikana kwa jina la Las Montana, aliuawa.

Hapo ndipo njia ilipopinda. Kery James aliacha kuimba, akaingia katika Uislamu, na kwa muda ikawa kama kwamba muziki ameupa talaka. Aliporejea mwaka 2001, alirejea na sharti alilojiwekea mwenyewe: hatatumia ala za pumzi wala za nyuzi. Albamu nzima imesimama juu ya ngoma na sauti za watu.

Msomaji, jambo hili kwetu si geni. Watu wa pwani tumekulia katika maulidi yenye dufu na matari, na tunajua kwamba wanavyuoni wamehitilafiana katika suala la ala tangu zamani. Makala haya hayakuandikwa kutoa fatwa. Ninaloliangalia ni hili: sharti lile liliifanya nini kazi yake?

Kwa maoni yangu, liliikomboa. Anayefokafoka mara nyingi hujificha nyuma ya kishindo. Neno likiwa hafifu, mdundo hulibeba. Huyu aliondoa pa kujificha. Katika wimbo uitwao "28 décembre 1977", yaani tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa, asimulia maisha yake tangu utotoni, na sauti iko karibu kama ya mtu aliyekaa nawe mkekani. Hajisifu kwa aliyoyafanya wala hajitii katika kundi la waliodhulumiwa tu. Ajihesabu. Washairi wetu wa kale waliijua njia hii: mtunzi wa Al-Inkishafi hakuanza kwa kumkaripia jirani, aliusemesha moyo wake mwenyewe. Ndiyo maana karne zimepita na bado twaona kwamba anatusemesha sisi.

Lakini sitakuwa mwaminifu nikinyamazia kasoro. Kuna mahali katika albamu hii ambapo mwimbaji aacha kujihesabu akaanza kutuhesabu sisi. Hapo kisa chakatika, watu watoweka, yabaki maonyo. Maonyo yenyewe ni ya haki, walakin kijana aliyemkimbia mwalimu chuoni hatamsikiliza mwalimu wa pili kwa sababu tu ana ngoma. Mwanangu alikuwa akifasiri kwa hamu. Tulipofika sehemu hizo, nilimwona aanza kutazama dirishani. Hukumu ile ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Naona mwenyewe baadaye aliutafuta mlango mwingine. Katika albamu zilizofuata ala nyingine zilirudi, na kila mtu ataliangalia hilo kwa macho yake. Mwaka 2008 alitoa wimbo "Banlieusards", yaani watu wa viungani, akiwahimiza vijana wenzake wasikubali kwamba kushindwa ndiyo fungu lao. Tamthilia yake *À vif* ilipanda jukwaani mwaka 2017: wanasheria wawili wanafunzi wabishana kama dola peke yake ndiyo yenye lawama kwa hali ya viunga. Mwaka 2019 ikatoka filamu aliyoiongoza pamoja na Leïla Sy, yenye ndugu watatu wa nyumba moja: mkubwa amezama katika uhalifu, wa kati asomea sheria, na mdogo yuko katikati yao, hajui amfuate nani. Tazama alivyojifunza. Badala ya kutuonya, ametuwekea mbele yetu mtoto aliye njia panda, akatuacha tumwonee hofu sisi wenyewe.

Sisi tuna methali, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huitumia kumlaumu mama, kisha tukalala. Lakini ulimwengu haungoji mama amalize. Wamfunza mtoto huku mama yuko kazini, huku baba yuko barazani, na huku visikizio viko masikioni. Kery James alipata bahati ya kugeuka kabla hajafa. Rafiki yake hakupata.

Basi nakuomba jambo moja, ndugu msomaji. Usimnyang'anye kijana wako simu usiku wa leo. Keti naye, mwambie akusikilizishe wimbo mmoja aupendao, akufasirie kila neno. Yaliyo machafu atayaonea haya mwenyewe atakapoyatamka mbele yako, na hayo utayakataza ukiwa na ushahidi mkononi. Na yakiwamo ya kweli, utakuwa umejua ni jambo gani lililokuwa likimtikisa kichwa siku zote hizo, nawe mlango wa pili u nje hujui.

Wabillahi tawfiq.