Jina la Tairi Lisome Mwisho

Mwenye uwezo wa kununua Michelin au Bridgestone mpya, manne kwa mpigo, hana haja ya mwongozo huu. Anayetaka la bei ya chini kuliko yote, liwe lolote, naye hatausoma. Nawaandikia walio katikati: mwalimu mwenye Passo, mfanyabiashara wa vitunguu mwenye Noah, mtumishi wa halmashauri mwenye Premio ya mkopo. Hao wakiingia duka la matairi hapa Utemini, mjini Singida, hupangiwa mbele yao matairi ya aina tano au sita, bei zinakaribiana, majina mengine hawajawahi kuyasikia. Muuzaji anauliza, "Unataka kampuni gani, bosi?" Swali hilo ndilo linalowapoteza wengi. Wanataja jina walilolisikia kwa shemeji, wanalipa, wanafungiwa, wanaondoka bila kusoma hata neno moja jingine lililoandikwa ubavuni.

Kwa matairi ya bei ya kati, mimi nasema jina lisomwe mwisho. Tairi la kampuni ya kawaida lililotoka kiwandani mwaka jana, lenye uwezo wa kubeba mzigo wako, litakutumikia vizuri kuliko tairi la jina kubwa lililolala stoo miaka sita.

Kwanza tujue tunalipeleka wapi. Gari la Singida lina kazi mbili zisizofanana. Leo liko lami kwenda Dodoma, kilomita kama 240 kupitia Ikungi na Manyoni, au linaelekea Babati na Arusha, au linashuka Sekenke kwenda Nzega. Kesho liko kwenye vumbi la vijijini, juu ya changarawe yenye makali ya granaiti, huku miiba ya migunga imetapakaa njiani. Safari ndefu ya lami wakati wa kiangazi inalitesa tairi kwa joto. Changarawe inalichana ubavu. Tairi la mtu wa Dar es Salaam anayeshinda kwenye foleni halina shida hizo, kwa hiyo ushauri wa binamu yako wa Kinondoni upokee kwa adabu, kisha endelea kusoma.

Tuanze na saizi. Chukua 195/65R15 91H, saizi inayoonekana kwenye Wish na Noah nyingi. Upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, R ni aina ya ufumaji wa nyuzi zake, na 15 ni inchi za rimu. Hayo wauzaji wanayajua. Wanachokiruka ni hiyo 91 na herufi inayoifuata. Namba 91 inamaanisha kila tairi linabeba kilo 615 likiwa na upepo wa kutosha. H ni mwendo wa juu wa kilomita 210 kwa saa. T ni 190, S ni 180. Mwendo huo hutaufikia, na askari wa Manyoni hatakuruhusu, ila herufi ya juu kwa kawaida huashiria tairi linalostahimili joto zaidi.

Sasa piga hesabu ya mzigo. Matairi manne ya 91 yanabeba kilo 2,460 kwa jumla. Noah tupu ina zaidi ya tani moja na nusu. Weka watu wanane, weka magunia mawili ya vitunguu yaliyofungwa lumbesa nyuma, na ukumbuke kwamba uzito huo haugawanyiki sawa, mwingi unalalia ekseli ya nyuma. Nafasi iliyobaki ni ndogo. Kwa gari la namna hiyo tafuta saizi ile ile iliyoandikwa XL au "EXTRA LOAD": hapo namba inakuwa 95, yaani kilo 690 kwa tairi. Tofauti ya bei si kubwa, na ubavu wake huwa mgumu zaidi. Kinyume chake, usikubali kamwe namba iliyo chini ya ile ya kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, hata ukiambiwa "zinaingiliana". Rimu itaingia, ndiyo. Mzigo hautaingia.

Kisha umri, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mnunuzi wa bei ya kati anapoumizwa zaidi. Zamani tairi halikuwa na safari ndefu ya kutufikia. Arusha kulikuwa na kiwanda cha General Tyre, kilichoanza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, na barabara ya Babati ilitosha kulileta Singida. Kiwanda kile kilisimamisha uzalishaji mwaka 2007. Nairobi nako Sameer, waliokuwa wakitengeneza Yana, walifunga kiwanda chao mwaka 2016. Leo karibu kila tairi jipya unalolikuta dukani limevuka bahari kwenye kontena, likakaa kwenye ghala la muagizaji, likauzwa kwa muuzaji wa jumla, likapanda lori kuja mikoani. Saizi zinazotoka haraka hufika zikiwa bado changa. Saizi adimu, zile za magari machache, huzeekea rafuni.

Tafuta herufi DOT. Mwisho wa mstari huo kuna kiduara kirefu chenye tarakimu nne. Zikisomeka 1425, tairi limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2025. Mara nyingi tarehe hiyo imeandikwa ubavu mmoja tu, na fundi akishalifunga upande huo ukaangalia ndani, utalazimika kulala chini ya gari na tochi ili uione. Kwa hiyo isome tairi likiwa bado mkononi, na usome yote manne, si moja. Muuzaji mjanja huweka jipya juu ya rundo.

Kipimo changu ni hiki: chini ya miaka miwili, lipa bei kamili. Miaka mitatu, omba apunguze, na asipopunguza hama duka. Likifika mitano, liache hata kama linang'aa. Raba huzeeka hata bila kutembea. Hewa na mwanga wa jua huikausha taratibu, na tairi lililoanikwa nje ya duka kutwa nzima kama tangazo huzeeka upesi zaidi. Michelin wenyewe wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu litoke kiwandani, hata kama meno bado yapo.

Kuhusu kung'aa: tairi linalong'aa sana dukani limepakwa dawa. Lifute kwa kitambaa chenye maji, kisha likunje kwa vidole gumba ndani ya mifereji na pale ubavu unapokutana na meno. Raba changa inarudi mahali pake bila alama. Iliyozeeka inaonyesha nyufa nyembamba unazoweza kuzihisi kwa ukucha kabla hujaziona kwa macho.

Kuna mtego mwingine unaotoka Japani. Matairi mengi ya mtumba, na hata yale yanayokuja yamefungwa kwenye magari yanayoshuka bandarini, ni ya theluji. Yameandikwa "STUDLESS" ubavuni, na meno yake yana mikato myembamba mingi sana. Majina yake ni makubwa, Blizzak ya Bridgestone au iceGUARD ya Yokohama, na meno yanaonekana yamejaa, kwa hiyo mtu anaona ameokota dodo chini ya mnazi. Raba hiyo ilichanganywa ibaki laini penye barafu. Kwenye lami ya Manyoni saa saba mchana inalainika kupita kiasi, inaisha haraka, na gari linayumba kwenye kona, ukizingatia na upepo wa Singida unaolipiga ubavuni. Ukiona neno hilo, rudisha. Alama ya M+S peke yake isikutishe, huwekwa hata kwenye matairi ya kawaida ya magari ya juu.

Sasa njoo kwenye maandishi madogo kuliko yote, yale ambayo hata wauzaji wengi hawajawahi kuyainamia. Karibu na ukingo wa rimu, kwenye matairi mengi, kumeandikwa kwa Kiingereza tairi limefumwa kwa nyuzi gani. "SIDEWALL: 1 POLYESTER" inamaanisha ubavu una tabaka moja la nyuzi, ukikuta 2, ubavu una matabaka mawili. Kwa mtu anayekwenda vijijini kila wiki, hayo mawili yana thamani kuliko jina lolote. Upande wa juu utasoma "2 STEEL", mikanda miwili ya chuma, na mara nyingine "1 NYLON" au 2. Nailoni hiyo hufunga mikanda ya chuma isitanuke kwa joto na mwendo. Matairi mawili ya bei moja yanaweza kutofautiana hapo tu, moja lina nailoni na jingine halina. Chukua lenye nailoni bila kuuliza limetoka nchi gani.

Pembeni yake kunaweza kuwa na TREADWEAR 300, 400 au zaidi, ikifuatwa na TRACTION na TEMPERATURE. Hivyo ni vipimo vya Marekani. Treadwear ni uvumilivu wa meno ukilinganishwa na tairi la kipimo lenye 100, lakini kampuni hujipa alama yenyewe, kwa hiyo itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja, usiifanye msahafu. Herufi za joto, A, B na C, ndizo za kutazamwa na mtu wa safari ndefu. C ni ya chini kabisa inayoruhusiwa, nami nisingeinunua kwa safari ya Dodoma. Herufi E ndani ya duara ikifuatwa na namba ina maana tairi limepitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Namba hiyo ni ya nchi iliyolipitisha. Haisemi limetengenezwa wapi.

Ukikagua kwa macho, anzia mdomoni, pale tairi linapokalia rimu. Baadhi ya matairi ya bei nafuu husafirishwa yakiwa yamesokomezwa moja ndani ya jingine ili kontena libebe mengi. Mdomo uliopinda kwa muda mrefu haukai sawa, upepo unavuja polepole, na utamlaumu fundi pancha bure. Kwa mtumba, angalia kama limechongwa: kuna mafundi wanaochimba mifereji upya kwa kisu cha moto. Ndani ya mifereji kuna vijituta vidogo vinavyoonyesha kikomo cha meno, milimita 1.6. Vikiwa vimekatwa au havionekani, umekwisha kupata jibu. Nundu yoyote ubavuni, hata ya ukubwa wa punje ya mahindi, ni nyuzi zilizokatika ndani. Tairi hilo litabasti. Haijulikani tu ni kilomita ya ngapi.

Ndipo tufike kwenye majina. Katika tabaka la kati nayaamini ya Wakorea, Hankook, Kumho na Nexen. Ya Wahindi, Apollo, MRF na CEAT. Maxxis ya Taiwan na GT Radial ya Indonesia. Wahindi wana barabara zinazofanana na zetu na hujenga mbavu ngumu, ingawa baadhi ya matairi yao hupiga kelele kwenye lami. Wachina wasitiwe wote kapu moja. Linglong, Triangle, Sailun na Westlake ni ya viwanda vikubwa vinavyouza hadi Ulaya, na kwa bei yake ni ununuzi wa heshima. Majina ya Kichina yanayobadilika kila kontena ni jambo jingine; kasoro ikitokea huna wa kumuuliza.

Bei ipime kwa kilomita. Tuseme tairi la shilingi 120,000 linakwenda kilomita 30,000, na la shilingi 180,000 linakwenda 60,000. La kwanza linakula shilingi 4 kwa kilomita, la pili 3. Rahisi hapo ni lile ghali.

Kabla ya kuyatupa ya zamani, yasome. Yaliyolika kingo zote mbili yalikosa upepo. Yaliyolika katikati yalijazwa kupita kiasi. Yaliyolika upande mmoja yanadai alaimenti au bushi mpya. Usipotibu hilo, matairi mapya yatafuata njia ile ile. Upepo upime asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo cha kibandiko cha mlangoni. Usilipie naitrojeni, hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni asilimia 78. Wakati wa balansi, mwambie fundi aweke kidoti cha njano, kama kipo, sambamba na valvu. Akiendelea kuongeza vipande vya risasi bila kuridhika, aligeuze tairi kwenye rimu, na likikataa tena lirudishwe dukani siku hiyo hiyo, risiti mkononi.

Na kama fedha inatosha mawili tu, nunua mawili mapya ya bei ya kati uyafunge nyuma, hata kama gari linavutia mbele. Mafundi wengi watabisha. Ila tairi la mbele likiteleza kwenye mvua, gari linagoma kukata kona na unaweza kupunguza mwendo. La nyuma likiteleza, gari linageuka, na mteremko wa Sekenke hauna nafasi ya kulirudisha. Manne ya mtumba kwa bei hiyo hiyo ni hasara.