Kigeu kisichogeuka

Kwenye kibanda Kibera, chapati mbili na chai moja ni bob 60. Chapati tatu na chai moja, bob 80. Mtoto wa hapo au wa Kawangware hahitaji kalamu: iliyozidi ni chapati moja, basi chapati ni mbao. Mbili ni 40, na chai nayo mbao. Ametatua milinganyo miwili.

Kasoro iko kwenye istilahi. Twamwambia atafute “kigeu”, neno lenye mzizi wa geuka, ilhali bei haigeuki, imefichika tu. Hapa “kisichojulikana” lingefaa zaidi. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini hisabati bado yafunzwa kwa Kiingereza. Istilahi legelege huwapa wapinzani kisingizio.