Futi za Ujazo Milioni 210 kwa Siku: Maktaba za Programu za Vizio vya Vipimo mbele ya Sarufi ya Kiswahili

Tangu mwaka 2015, bomba la inchi 36 lilipoanza kusafirisha gesi asilia kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam, kuna kirai kimoja ambacho hurudiwa kila Madimba inapotajwa katika hotuba na taarifa za habari: kiwanda cha kuchakata gesi kilichopo hapo kina uwezo wa futi za ujazo milioni 210 kwa siku. Kwa msemaji wa Kiswahili, kirai hiki hakina ugumu wowote. Mkazi wa Msimbati, jirani wa visima vya Mnazi Bay, hukisikia na kukielewa sawa na mkazi wa Dar es Salaam anayepikia gesi hiyo au kuwashia taa umeme wake. Kinachokwama mbele ya kirai hiki ni programu za kompyuta zilizotungwa mahususi kwa ajili ya kusoma vipimo, na sababu ya kukwama kwake ni ya kisarufi kuliko ya kihisabati.

Programu zinazohusika hapa huitwa maktaba, yaani mafungu ya msimbo ambayo waandaaji programu huyaazima ili wasianze upya kazi iliyokwisha kufanywa na wengine. Maktaba za vizio zina kazi mbili. Kwanza huchanganua maandishi ya kipimo, zikitenga namba, kiambishi cha ukubwa na kizio chenyewe. Kisha huhakiki iwapo kilichopatikana kinakubalika: mita haziwezi kujumlishwa na sekunde, na futi haziwezi kugeuzwa kuwa kilogramu. Umuhimu wake ulionekana tarehe 23 Septemba 1999, chombo cha Mars Climate Orbiter kilipopotea kwa sababu programu moja ilitoa takwimu za msukumo kwa vizio vya paundi na nyingine ikazipokea kana kwamba ni za nyutoni. Miongoni mwa zinazotumiwa sana ni UDUNITS ya kituo cha Unidata nchini Marekani, inayopendwa na wanasayansi wa hali ya hewa, na Pint, iliyoanzishwa na Hernán Grecco kwa ajili ya lugha ya Python. Kuna pia mfumo wa misimbo wa UCUM, ulioasisiwa na Gunther Schadow na Clement McDonald wa Taasisi ya Regenstrief huko Indiana, ambao maktaba nyingi za tiba huufuata.

Istilahi za uchanganuzi na uhakiki si ngeni kwa wasomaji wa isimu na fasihi. Mwanafunzi wa sarufi huchanganua sentensi, naye wa fasihi huhakiki kazi. Maktaba za vizio zimejengwa juu ya sarufi zilizoandikwa waziwazi, kanuni kwa kanuni, na sarufi iliyoandikwa inaweza kuhakikiwa kama ihakikiwavyo sarufi nyingine yoyote.

Nguzo ya sarufi hizo ni mpangilio: namba hutangulia, kizio hufuata. Mwongozo rasmi wa Mfumo wa Kimataifa wa Vizio, unaotolewa na Ofisi ya Kimataifa ya Mizani na Vipimo iliyopo Ufaransa, unaagiza hivyo hivyo na kuongeza kwamba baina ya viwili hivyo iachwe nafasi. Kirai nomino cha Kiswahili hakiendi hivyo. Nomino ndiyo neno kuu, nayo hutangulia. Namba ni kivumishi, nayo hufuata: kilomita 5, lita 20, ekari 3. Wasemaji wa Kiswahili wameuhamishia utaratibu huu hata kwenye alama za kimataifa, wakaandika km 5 na kg 50 bila kuona kasoro. Hoja ya kwamba alama ni za ulimwengu mzima na hazina lugha haina nguvu inavyodhaniwa. Herufi ni za ulimwengu, lakini mahali pa kuziweka kila lugha huchagua.

Madhara yake hayaishii kwenye kukataliwa. Katika UCUM, tarakimu inayofuata alama ya kizio bila nafasi ni kipeo: m2 ni mita ya mraba, m3 ni mita ya ujazo. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili aliyebana maandishi yake na kuandika km5, akikusudia kilomita tano, hatapewa onyo lolote. Mfumo utakipokea kirai chake kwa heshima zote na kukisoma kuwa kilomita kwa kipeo cha tano, kitu kisichopimika duniani wala mbinguni. Kosa linalokataliwa humrudisha mwandishi kwenye kazi yake. Hili hupita mlangoni likiwa limevaa nguo safi.

Watetezi wa teknolojia ya lugha wanaweza kujibu kwamba Kiswahili kimekwisha kushughulikiwa. Hazina ya data za lugha ya muungano wa Unicode, CLDR, ina ruwaza za vizio vya Kiswahili, na ndani yake nomino hutangulia namba kama inavyopasa: kilomita kwanza, kisha nafasi ya tarakimu. Jibu hilo ni la kweli kwa upande mmoja tu. CLDR hutumika hasa kuonyesha vipimo kwenye skrini. Haikukusudiwa kuchanganua maandishi ya mtu. Kompyuta imefundishwa kusema kilomita 5 pasipo kufundishwa kuisikia. Hata Pint, inayomruhusu mtumiaji kuongeza majina mapya ya vizio, hupokea maneno bila kupokea sarufi yake. Mtu anaweza kuiambia kwamba mita ni jina lingine la kizio inachokifahamu, na kwa kuwa kiambishi kilo tayari kimo, kilomita itasomeka. Atakwama muda si mrefu, kwani kilo katika Kiswahili ni zaidi ya kiambishi. Muuza mchele anapotaja kilo 50, amekwisha kutaja kizio kizima.

Kwa kirai cha Madimba, tatizo la kwanza ni kwamba kizio chake hakikai pamoja. Futi ni neno kuu, za ujazo ni kivumishi cha a-unganifu, milioni 210 ni namba, na kwa siku inakamilisha kizio baada ya namba kupita. Namba imekaa katikati ya kizio, wala mahali pake hapajafungwa: futi milioni 210 za ujazo kwa siku ni sahihi vilevile. Katika UCUM maana hiyohiyo huandikwa kwa mfuatano mmoja usio na nafasi, 10*6.[cft_i]/d, na hakuna kinachoweza kuhamishwa bila kuharibu. Mwandishi wa sarufi ya mashine anayetazama lugha moja tu ya Ulaya hataona sababu ya kuruhusu namba iingie ndani ya kizio.

Tatizo la pili hujitokeza namba inapotamkwa au kuandikwa kwa maneno. Milioni mia mbili na kumi ni 210,000,000, lakini pia ni 200,000,010. Kiunganishi na hakionyeshi kama kumi iko chini ya milioni au iko nje yake, na tofauti ya tafsiri hizo mbili ni karibu futi za ujazo milioni kumi za gesi kila siku. Utata huu ni wa zamani. Walimu wa hesabu huujua kupitia elfu ishirini na tano. Wasemaji huutatua kwa kituo cha sauti au kwa kugeuza mpangilio, mia mbili na kumi milioni, na baadhi ya magazeti yameuchukua mgeuzo huo hadi kwenye tarakimu yanapoandika fedha. Wanaoukemea mgeuzo huo kuwa ni kuiga lugha za kigeni wangepaswa kwanza kueleza utata huo uondolewe vipi kwa njia nyingine.

Tatizo zito zaidi limo katika kihusishi kwa. Katika kilomita 80 kwa saa, kwa ni alama ya kugawanya. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 30, ni alama ya kuzidisha, na jibu lake ni mita za mraba 600. Mtu anaweza kudhani kwamba kanuni ni nyepesi: kwa ikifuatwa na nomino tupu ni mgawanyo, ikifuatwa na namba ni mzidisho. Kanuni hiyo huvunjika sokoni. Shilingi 3,000 kwa kilo mbili ni bei, na bei ni mgawanyo, ingawa namba imo. Kinyume chake, pampu iliyofanya kazi kwa saa mbili imepimwa muda, na kiasi ilichosukuma hupatikana kwa kuzidisha.

Hapa ndipo penye asili ya kosa linaloonekana mara nyingi katika taarifa za umeme, la kuandika kilowati kwa saa pale panapokusudiwa kilowati-saa. Kilowati hupima kasi ya kutumia nishati, na kilowati-saa hupima nishati yenyewe, yaani kiasi kinachotumiwa na kifaa cha kilowati moja kikiwashwa kwa saa moja. Maelezo hayo ni Kiswahili fasaha na fizikia sahihi. Ukiondoa neno moja la mwisho, kwa saa moja ikawa kwa saa, muda umegeuka kuwa kigawanyo na kizio kimekuwa kingine kabisa. Ni vigumu kuwalaumu waandishi wa habari peke yao. Lugha imewawekea vitu viwili tofauti kwenye rafu moja. Mtaani tatizo hilo limekwepwa kwa werevu. Mnunuzi wa LUKU hununua uniti, wala hajishughulishi na kilowati wala saa. Neno lililokuwa jina la jumla la vizio vyote limefanywa kuwa jina la kizio kimoja, likaziba pengo ambalo istilahi rasmi haikuliziba.

Maktaba za vizio huchanganua kwanza na kuhakiki baadaye, kwa kudhani kwamba umbo la maandishi linatosha kuonyesha muundo wake. Kwa Kiswahili dhana hiyo haisimami. Ili kujua kama kwa ni mgawanyo au mzidisho, sharti mchanganuzi ajue tayari kwamba vitu viwili vinavyounganishwa ni fedha na uzito, urefu na urefu, au kasi na muda. Uhakiki unapaswa kuwamo ndani ya uchanganuzi tangu hatua ya kwanza. Hili ni badiliko la usanifu, na halitapatikana kwa kuongeza orodha ya majina ya vizio kwa Kiswahili.

Saa nayo ina lake. Saa 3 inaweza kuwa muda wa saa tatu au wakati wa saa tatu, ambao kwa hesabu ya Kiingereza ni saa tisa, asubuhi au usiku. Wasemaji wengi wameutatua utata huu kwa kutumia masaa kwa muda, na walinzi wa usanifu wamewakosoa, kwa kuwa saa ni nomino ya ngeli ya I-/ZI- isiyohitaji kiambishi hicho. Kwa upande wa umbo wako sahihi. Lakini umbo wanalolikataa linafanya kazi ya kutofautisha maana, kazi ambayo umbo wanalolitetea haliifanyi.

Hata hivyo, lawama zote zisitupiwe wahandisi. Kifupisho cha Kiingereza kinachotumiwa na sekta ya gesi, mmscfd, kina herufi ambayo kirai cha Kiswahili hakiibebi. Herufi mbili za mwanzo ni elfu ya elfu, kwa mujibu wa M ya tarakimu za Kirumi, na ni mtego kwa maktaba yoyote inayozijua m kuwa mili na M kuwa mega. Herufi s inayofuata ndiyo iliyopotea njiani. Inaonyesha kwamba ujazo umehesabiwa katika hali sanifu ya jotoridi na kanieneo, takriban nyuzi 15.6 za Selsiasi na kanieneo ya kawaida ya hewa. Bila sharti hilo, ujazo wa gesi hauelezi kiasi cha gesi. Gesi ileile ikibanwa bombani kwa kanieneo mara 50 ya ile ya hewa hujaza takriban sehemu moja ya hamsini ya nafasi iliyokuwa nayo. Istilahi kanieneo imefumbata maana yake, kani juu ya eneo, na inathibitisha kwamba waundaji istilahi za Kiswahili wanapoamua hufanya kazi safi. Kuhusu futi za ujazo hawakuamua. Kirai kilitafsiriwa kwa mazoea, na sharti likaachwa.

Kuachwa huko kunamgusa mwananchi. Wakati wa mzozo wa gesi wa mwaka 2013, Mtwara ilibishana na serikali juu ya manufaa ya rasilimali yake, na hadi leo ushuru wa huduma unaolipwa kwa halmashauri hutegemea mauzo, nayo mauzo hutegemea kipimo. Mtu wa Madimba anayetaka kulinganisha takwimu mbili za gesi kwa Kiswahili hawezi kujua kama zimehesabiwa katika hali moja, kwa kuwa lugha ya taarifa haimwambii. Mtaalamu anayesoma taarifa hizo kwa Kiingereza anajua.

Umbo linaloweza kupendekezwa ni futi za ujazo sanifu milioni 210 kwa kila siku. Kila huondoa shaka ya kwa na kubakiza mgawanyo peke yake. Sanifu ina upungufu mmoja: ni kivumishi kisichochukua upatanisho wa ngeli, hivyo umbo lake halionyeshi kama kinachosifiwa ni futi au ujazo. Ukaribu wake na ujazo ndio unaoamua, na ukaribu huo hubaki namba inapohamia katikati, futi milioni 210 za ujazo sanifu, lakini hupotea kivumishi kinaposogezwa hadi mwisho. Maktaba itakayosoma Kiswahili italazimika kuyapokea maumbo haya yote na kuyapa jibu moja, na kamusi ya istilahi italazimika kutangulia kusema ni lipi kati yao lililo rasmi.