Ntare hakuzaliwa simba

Kama umewahi kukaa kwenye kibanda cha video hapa Nyarugusu, hadithi hii unaijua hata kama jina la filamu limekutoka. Kuna familia ya kitajiri ya zamani, ina jumba, ina msitu, ina siri. Mwezi ukiwa mpevu, mmoja wa ukoo anaota manyoya na meno, anageuka mbwa-mwitu, na asubuhi kijiji kinazika. Vijana wetu wanaipenda sana, na sasa wanaiandika. Kwenye vikao vyetu vya kusomeana, hadithi za "ukoo uliolaaniwa" zimekuwa nyingi. Wamebadilisha mnyama tu. Kule ni mbwa-mwitu, kwetu ni fisi, chui, au mamba wa Ziwa Tanganyika.

Si vibaya, hadithi ya kutisha ni hadithi kama nyingine. Ila mimi nina swali moja ambalo naona linatenganisha hadithi nzuri na mbaya za aina hii: mnyama anaingiaje ndani ya mtu?

Tazama familia ya Talbot, mabwana wa Kiingereza wa kwenye sinema. Katika filamu ya mwaka 1941, The Wolf Man, kijana Larry Talbot anang'atwa na mbwa-mwitu. Balaa linatoka nje, linamkuta. Filamu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2010, mambo yalibadilika: anayemng'ata ni baba yake mwenyewe. Jumba ni la baba, na ugonjwa ni wa baba. Katika miaka hiyo karibu 70 mnyama alihama kutoka msituni akaingia nyumbani, na hapo ndipo vijana wetu wameichukulia hadithi. Sisi Waswahili tuna methali yake tayari: mtoto wa nyoka ni nyoka. Ukishaisema hiyo, hadithi imekwisha. Mtu hana la kuchagua, na msomaji anabaki kungoja tu nani ataliwa.

Sasa njoo kwetu. Sisi wa Rumonge, na Warundi wote, tuna familia yetu ya kifalme yenye mnyama ndani ya jina. Mfalme wa kwanza wa Burundi, ambaye wanahistoria wengi wanamweka kwenye karne ya 17, anaitwa Ntare Rushatsi Cambarantama. Ndugu Wakongo mnaosoma hapa, niwafasirie. Intare ni simba. Rushatsi ni mwenye nywele nyingi, za vurugu. Cambarantama ni yule anayevaa ngozi ya kondoo. Simba, manyoya, na ngozi ya mnyama mwingine juu yake: ungempa mtu wa sinema majina hayo matatu, angetengeneza Talbot mwingine kesho asubuhi.

Lakini masimulizi hayaendi huko. Kwanza, simba haendi kwa mtoto. Wafalme wa Burundi walipokezana majina manne kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Yasikilize kwa sikio la Kirundi. Simba anamzaa Mwezi, Mwezi anamzaa Mchana, Mchana anamzaa Mvushaji, yule anayevusha watu mto. Kwenye filamu mwezi ndio unaomgeuza mtu kuwa mnyama. Kwetu Mwezi ni mtoto wa simba, na si simba. Jina ni kama kiti: unakikalia, unainuka, anakaa mwingine.

Pili, lile neno "anayevaa". Jan Vansina, aliyekusanya masimulizi haya na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, alionyesha kwamba yako mafungu mawili. Moja linamleta Ntare kutoka kaskazini, upande wa mto Kanyaru na Rwanda. Lingine linamleta kupitia Nkoma, kusini-mashariki, upande wa Rutana, akitokea Buha. Jamani, Buha ni wapi? Ni hapa. Kasulu ni Buha, Kibondo ni Buha. Jina lenyewe la Ntare limeishi hapa pia: miaka ya 1950 chifu wa Heru, Kasulu hii hii, alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Kwa fungu hilo la pili, basi, mwanzilishi wa ufalme wa Burundi ni mtu aliyeingia nchini akitokea tunapokaa sisi leo, akiwa amejifunika ngozi ya mnyama mpole kuliko wote.

Hapo ndipo naona masimulizi ya wazee yamewashinda watengeneza filamu. Ngozi ya Talbot inamea kutoka ndani, hawezi kuivua. Ngozi ya Ntare imevaliwa. Kilichovaliwa kina mtu aliyekitengeneza, kina sababu ya kuvaliwa, na kinaweza kuvuliwa.

Najua kuna atakayenipinga, na ana hoja. Warundi walisema pia kwamba mfalme huzaliwa ameshika mbegu mkononi. Hiyo si damu? Mbona hapo mtu anazaliwa nayo? Ndiyo, lakini jiulize ni nani aliyeifungua ile ngumi ya mtoto. Ni watu waliokuwepo wakati wa kuzaliwa, wenye neno barazani kwa mfalme, na wao ndio waliotoka nje kutangaza walichokiona. Mbegu ilihitaji shahidi. Hata pale masimulizi yanapotaka kuzungumza lugha ya kuzaliwa, mikono ya watu wengine inaonekana.

Sitaki kuyapamba kupita kiasi. Haya ni masimulizi yaliyotunzwa na watu wa ufalme, na yana upofu wa kifalme. Watu waliokuwa wanalima kwenye vilima vile kabla ya Ntare kufika hawasikiki sana. Na yule kondoo je? Ili mmoja avae ngozi, mwingine alichunwa. Hilo hakuna anayeliuliza. Kijana anayetafuta hadithi mpya angeanzia hapo, angepata zaidi kuliko kwa akina Talbot.

Kwa nini naling'ang'ania jambo la ngozi na damu? Kwa sababu kwetu Rumonge halikubaki kwenye hadithi. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi. Baadaye, kwa miezi, jeshi na wenye madaraka waliua Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma; makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Siku hiyohiyo ya 29 Aprili, kule Gitega, aliuawa Ntare V, mfalme wa mwisho, aliyepinduliwa mwaka 1966 na aliyekuwa ametoka tu kurudishwa kutoka uhamishoni. Ntare wa kwanza aliingia kutoka ugenini akatawazwa. Wa mwisho alirudi kutoka ugenini akauawa. Na kati ya waliokufa mwaka ule, wengi mno hawakuulizwa walifanya nini. Iliangaliwa walizaliwa na nani. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Waliovuka ziwa na mpaka walikuja na maumivu hayo. Katikati ya miaka ya 1980 mtafiti Liisa Malkki aliishi na wakimbizi wa 1972 katika makazi ya Mishamo na katika mji wa Kigoma, na kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka mwaka 1995. Alikuta tofauti kubwa. Mishamo watu walikuwa wanasimulia historia iliyonyooka kama rula: sisi tuko hivi tangu mwanzo, wale wako vile tangu mwanzo, hakuna aliyebadilika. Kigoma mjini wenzao wa mwaka uleule waliishi kwa majina mengi, wakachanganyika, wengine hata hawakutaka kuitwa wakimbizi. Nikisoma kitabu hicho naona mitindo yetu miwili ya hadithi ikiwa mikononi mwa watu halisi. Mishamo walishika damu, Kigoma walivaa ngozi ya kondoo. Simlaumu mtu wa Mishamo. Aliyeporwa kila kitu anashika kile kisichoporwa, na damu haiporwi. Ila hadithi hiyo ikirithiwa na mjukuu ambaye hakuona 1972, inampa maadui ambao hajawahi kukutana nao.

Na sisi tuna kitu kingine cha kurithi, ambacho wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili wanakijua vizuri. Mtoto anayezaliwa hapa anaingizwa kwenye karatasi ya familia akiwa mkimbizi, kabla hajajua kutembea. Hakukimbia popote! Ni hali ya baba na mama imemfuata. Inaonekana kama laana ya ukoo, mpaka ukumbuke kwamba Tanzania iliwapa uraia Warundi wa 1972 wapatao 162,000, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kitu kilichoshuka kutoka babu hadi mjukuu kikavuliwa kwa muhuri. Kwa hiyo hakikuwa damu.

Ndiyo maana vijana wakileta hadithi ya ukoo wa fisi au wa mamba, nawaomba jambo moja. Mkifika pale mnapotaka kuandika "alizaliwa hivyo", simameni. Andikeni nani alisema kwamba alizaliwa hivyo, alisema siku gani, na alipata nini kwa kusema. Mamba abaki mkali, watu waogope, damu imwagike ukipenda. Lakini tuonyesheni mkono uliomvisha ngozi.

Na wazee, hasa mliotoka Rutana na Makamba, na majirani Waha mnaokuja sokoni: kama mnalo fungu la Ntare linalosimulia njia yake kutoka Buha, leteni tuliandike kabla halijapotea. Nataka kujua nani alimfichia kijana yule, na nani alimpa ile ngozi. Nadhani huyo ndiye mtu wa kuandikiwa hadithi.