Silanti ya Ndege: Jinsi ya Kuijua Iliyo Njema

Anayeunda ndege ya RV gerejini kwake hajifichi wiki anayoziba matangi. Gereji inanuka yai viza, nguo zinanuka, na jirani anaanza kuuliza bomba la maji machafu limepasukia wapi. Harufu hiyo ni ya polisulfidi, mpira wenye salfa ambao mkemia Mmarekani Joseph Patrick aliupata miaka ya 1920 akiwa anatafuta kitu kingine kabisa: dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande. Alichoambulia ni mpira unaonuka ambao petroli haiuyeyushi, na matangi ya ndege yanautegemea hadi leo.

Ndege za RV huuzwa kama seti za vipande na Van's Aircraft, kampuni ya Oregon, Marekani, iliyoanza mwaka 1973. Mnunuzi anaunga na kugonga ribiti mwenyewe. Sehemu ya mbele ya bawa ndiyo tangi: ndani hamna pipa wala mfuko wa mpira, ni mabamba membamba ya alumini yaliyoshikanishwa kwa mamia ya ribiti, na kila tundu la ribiti ni njia ambayo petroli inaweza kutorokea. RV-7 inabeba galoni 42, karibu lita 159, nusu kila bawa. Fundi wa jahazi anayekalafati kwa pamba na mafuta ana msaidizi, kwa kuwa ubao ukishalowa unavimba na kuibana pamba. Alumini haivimbi. Haimsaidii mtu.

Basi mtu akikuuliza silanti ipi, yaani dawa ipi ya kuzibia, ni bora, mrudishie swali: itagusa nini? Nimeona watu wazima, wenye akili zao, wakibishana kuhusu chapa za makopo kabla hawajajibu hilo. Inayofaa kwenye petroli si lazima ifae kwenye moto, na inayofaa kwenye moto inaweza kuharibu rangi ya bawa zima.

Nianze na ile isiyofaa, maana ndiyo iliyo karibu na mkono. Silikoni ya kawaida ya dukani, ile ya kuzibia sinki, ina mvuto wake: ni rahisi, haina haja ya kuchanganywa, na unaifyatua tu kutoka kwenye mrija. Ndani ya tangi ni balaa. Petroli inaivimbisha, inalegea, kisha vipande vyake vinasafiri hadi kwenye chujio. Ile inayonuka siki inapokauka inatoa asidi inayokula alumini. Na hata ukiitumia mahali pasipo na mafuta, mabaki yake yasiyoonekana yanaifanya rangi ikatae kushika, ijikunyate na kuacha vishimo vya mviringo. Mafundi rangi wengi hawataki hata kuiona kwenye karakana yao.

Kwa tangi, chukua polisulfidi ya sehemu mbili iliyotengenezwa kwa kiwango cha AMS-S-8802, ambacho zamani kilijulikana kama MIL-S-8802. Majina yanayotajwa zaidi miongoni mwa waundaji ni P/S 890 ya PPG na CS 3204 ya Flamemaster. Sioni sababu ya kuigombania moja dhidi ya nyingine. Soma kibandiko badala yake. Herufi A ni nyepesi, ya kupaka kwa brashi. B ni nzito, haichuruziki hata ukilisimamisha bamba wima. Namba inayofuata ni saa za kufanyia kazi: B-2 inakupa saa mbili, B-1/2 nusu saa, zikipimwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi na unyevu wa wastani. Joto na unyevunyevu vinazila saa hizo, kwa hiyo mwenye kufanya kazi adhuhuri ya Florida asidhani saa mbili za kwenye kopo ni saa mbili zake. Anayeziba tangi kwa mara ya kwanza achukue B-2, hata kama anajiona mwepesi wa mikono.

Halafu tazama tarehe. Polisulfidi ina mwisho wa matumizi, na makopo yaliyopitwa na muda huuzwa kwa bei ya kutupa. Yatumie kuziba kifuniko cha mizigo ukipenda. Kwenye tangi, hapana.

Kuchanganya ndiko kunakomtenganisha fundi na mharibifu. Uwiano ni 10 kwa 1 kwa uzito, basi tafuta mizani ya kidijitali. Kijiko hakipimi uzito. Sehemu kubwa ni nyeupe, kichocheo ni cheusi. Koroga polepole, ukikwangua kingo na kitako cha kikombe, hadi upate kijivu kimoja kisicho na michirizi. Mchirizi mweupe uliobaki ni mahali ambapo silanti haitaganda kamwe. Ukikoroga kwa fujo unaingiza hewa, na kila kipovu ni tundu linalosubiri siku yake. Kikombe chenye mabaki usikitupe: andika tarehe na saa, kiache karibu na kazi. Kikiganda, na tangi limeganda. Kikibaki ute siku kadhaa, unajua la kufanya, ingawa hutalipenda.

Lakini silanti bora kuliko zote ikipakwa juu ya alama ya kidole ni takataka. Alumini ikwaruzwe kwa msasa laini au pedi ya Scotch-Brite mpaka mng'aro wake upotee, kisha ifutwe kwa asetoni au kiyeyushi kiitwacho MEK. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka: kitambaa kilicholoa kinayeyusha grisi, ila ukiiacha dawa ikauke yenyewe, grisi inarudi kukaa pale pale. Lazima kitambaa cha pili, kikavu, kipite nyuma ya cha kwanza kabla dawa haijakauka. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe, na tangu hapo usiguse bila glavu.

Kuijua kazi iliyokwisha, anza kwenye maungio. Mabamba yalipobanwa kwa ribiti, silanti ilipaswa kutokeza kidogo pande zote, mfululizo. Pasipotokeza kitu, palikuwa pakavu ndani. Kisha tazama tuta la silanti kwenye kona: liwe limelala kwa mteremko laini juu ya mabamba yote mawili, bila ukingo ulionyanyuka. Wingi si ubora. Tangi lililojazwa mabonge ni zito, na mara nyingi linaficha mtu aliyekuwa na wasiwasi.

Kipimo ninachokiamini zaidi hufanywa kwenye kipande cha majaribio kilichoandaliwa sawasawa na tangi. Silanti ikishaganda, ibandue kwa nguvu. Ikichanika katikati yake na kuacha utando umeng'ang'ania alumini, umefaulu. Ikitoka nzima na kuacha bamba safi, usafishaji ulikuwa wa uongo, na kopo la bei ghali zaidi lisingekuokoa.

Zamani waundaji walimwaga rangi nyeupe ya kuzibia ndani ya tangi lililokwisha, wakalitikisa ili ienee kila kona. Baada ya miaka ilianza kubambuka na kuziba vichujio. Akikuambia mwuza ndege kwamba tangi lake limepakwa hivyo, tafuta tochi uchungulie.

Penye moto mambo ni mengine. Bamba linalotenga injini na miguu ya rubani huwa chuma kisichoshika kutu, na matundu ya nyaya humo yanahitaji silanti ya kuzuia moto, kama Fire Barrier 2000+ ya 3M. Polisulfidi hapo haina kazi, na povu la kujaza nyufa za milango lisikaribie kabisa.

Kioo cha plastiki cha chumba cha rubani kinatanuka kwa joto kuliko alumini, kwa hiyo wengine hukigandisha kwa gundi ya Sikaflex inayonyumbulika badala ya kukitoboa matundu yatakayozaa nyufa. MEK isikisogelee, inakitia mipasuko midogo isiyofutika.

Tangi likishafungwa, hujaribiwa kwa puto. Funga mianya yote, vika puto kwenye mrija mmoja, tia hewa kidogo ya kulijaza, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila ribiti. Puto linalinda tangi lisipasuke kwa shinikizo. Usishtuke likinywea usiku na kutuna mchana: hewa ya ndani inafuata joto la gereji. Sabuni ndiyo ya kuamini.

Na kama unanunua ndege iliyokwisha kuundwa, lala chini ya bawa. Petroli ya ndege ya 100LL hutiwa rangi ya buluu, na hapo inapovuja huacha doa la buluu kuzunguka ribiti. Doa moja lililokauka linazungumzika, maana gundi ya Loctite 290 inayonywewa na upenyo huweza kuuziba. Msururu wa madoa kando ya ungio ni jambo jingine, kwa sababu petroli hutambaa ndani na kutokea mbali na ilikoanzia, na kupaka silanti kwa nje hakuzibi kitu. Hapo bei ishuke kwa gharama ya kulifungua tangi zima.