Binadamu Yupi? Tahakiki ya Kazi ya Robert Bullard

Watu wengi wakisikia neno utamaduni hufikiri juu ya ngoma, mavazi, vyakula na mashairi. Hawakosei, lakini hawajamaliza. Utamaduni wa watu ni pamoja na namna wanavyogawana faida na hasara za maisha yao: nani apate maji kwanza, nani apitiwe na barabara nzuri, na takataka za wote zipelekwe mlangoni kwa nani. Taifa laweza kuimba vizuri juu ya usawa, na huku majaa yake yakisema neno jingine. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa, katika mkusanyo huu, kuipima kazi ya mtaalamu mmoja wa nchi ya mbali ambaye aliyasoma majaa kama wengine wasomavyo vitabu.

Mtaalamu huyo ni Robert Bullard, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Elba, jimbo la Alabama, wakati sheria za huko zilipokuwa zikiwatenga weusi na weupe. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1968, akatumikia jeshi, akarudi masomoni Atlanta, na mwaka 1976 akapata shahada ya udaktari katika sosholojia kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa. Mwaka huohuo alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Texas Southern, mjini Houston, ambacho kiliasisiwa kwa ajili ya watu weusi.

Ili tuipime kazi yake hatuna budi kwanza kuutazama uwanja alioingia. Sosholojia ya mazingira ilikuwa elimu changa. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, William Catton na Riley Dunlap, waliwalaumu wenzao kwamba wanamwandika binadamu kana kwamba kanuni za maumbile hazimhusu. Walisema kweli. Binadamu hula, hunywa, huvuta pumzi na huchafua, naye hawezi kujitoa katika dunia inayomlisha. Lakini katika mjadala huo binadamu alitajwa kama mtu mmoja mwenye uso mmoja. Bullard alileta swali dogo lililougeuza uwanja mzima: binadamu yupi? Nani huchafua, na nani huvuta moshi? Nani hutia sahihi, na nani huhamishiwa jaa?

Swali hilo hakulitoa maktaba. Mwaka 1979 mkewe, Linda McKeever Bullard, aliyekuwa mwanasheria, aliwatetea wakazi wa Northwood Manor, mtaa wa Houston uliokaliwa zaidi na watu weusi, waliopinga kuchimbiwa jaa karibu na nyumba zao. Alihitaji ushahidi wa mahali majaa ya mji mzima yalipokuwa. Bullard aliwachukua wanafunzi wake wa somo la mbinu za utafiti, wakaanza kuhesabu. Walipekua kumbukumbu za serikali, wakatembea mitaani, wakaweka alama katika ramani kwa mkono. Houston ni mji wa tambarare. Kwa hiyo walipokiona kilima walikishuku, kwani huenda ni takataka zilizofunikwa udongo.

Hesabu yao ilikuwa fupi, na ufupi wake ndio uliokuwa ukali wake. Wakati huo weusi walikuwa kama robo ya watu wa mji. Lakini majaa yote 5 ya halmashauri ya mji yalikuwa katika mitaa ya weusi. Matanuri 6 kati ya 8 ya mji ya kuchomea taka yalikuwa katika mitaa hiyo. Na majaa 3 kati ya 4 ya watu binafsi yalikuwa huko pia. Mwalimu wa hesabu wa kidato cha kwanza aweza kuufundisha ushahidi huu kwa dakika kumi. Twaihesabu hiyo kuwa sifa kubwa ya kazi yenyewe, maana elimu ambayo mwenye kuonewa hawezi kuielewa ni vigumu kumtetea.

Hata hivyo wakazi walishindwa. Jaji aliyelisikiliza ombi lao la kwanza, Gabrielle McDonald, alikuwa mwanamke mweusi. Alikiri katika uamuzi wake kwamba kama yeye ndiye angekuwa na mamlaka ya kutoa kibali, angekinyima, kwani jaa lilikuwa karibu na shule ya sekondari ambayo haikuwa na mitambo ya kupozea hewa. Lakini sheria ilitaka ithibitishwe kwamba serikali ilikusudia kuwabagua weusi. Hesabu ilionyesha matokeo. Sheria iliuliza nia. Jaa likachimbwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nasi tuliotumikia ofisini kwa miaka mingi tunalo la kusema. Faili halina tabia ya kuandika nia. Ndani yake kuna tarehe, vipimo, bei ya ardhi, sahihi na mihuri. Haipatikani karatasi isemayo, “Tumewachagua hawa kwa kuwa wao ni wanyonge.” Kila ofisa aliyetia sahihi aweza kuapa kwa dhati kwamba alitazama udongo na barabara tu. Na baada ya miaka hamsini, majaa yote yakawa yamekwenda upande mmoja. Anayedai kuonyeshwa nia anadai kitu ambacho ofisi haikitunzi. Anayehesabu matokeo anasoma maandishi ambayo ofisi imeyaandika ardhini bila kujua. Wahenga walinena, “Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.” Bullard alionyesha kwamba hatua ya kwanza ya kumpa haki yake ni kumhesabu.

Alichapisha utafiti wa Houston mwaka 1983, na mwaka 1990 kikatoka kitabu kilichomjulisha kwa wengi, Dumping in Dixie. Dixie ni jina la mazoea la majimbo ya kusini ya Marekani. Kitabu kinachunguza jamii tano za watu weusi: Northwood Manor, West Dallas, palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi, Institute ya West Virginia, yenye viwanda vya kemikali, Alsen ya Louisiana, na Emelle ya Alabama, palipokuwa na jaa kubwa la taka za sumu. Mwandishi anajadili pia usemi wa Wamarekani wenye uwezo, wasemao “si uani kwangu” kila inapotajwa mitambo michafu. Matokeo yake, asema, ni kwamba mitambo huishia uani kwa weusi. Sisi wa lugha hii twalielewa vema jambo hilo, kwani uani kwetu ndipo wapikapo mama na wachezapo watoto. Na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, kitabu hakina upungufu? Unao. Kwanza, majedwali yake yametamalaki mno. Tunawaona wakazi wakiwa asilimia, lakini mara chache tunamsikia mmoja wao akisema kwa kirefu, kwa ulimi wake mwenyewe, jinsi harufu ilivyobadili chakula cha jioni. Msomaji wa fasihi atakosa sauti hiyo, nayo ni sehemu ya ushahidi. Pili, wako wahakiki waliouliza: je, jaa lilitangulia, au watu walilifuata kwa sababu ya ardhi rahisi? Ni swali la haki, nalo hudai jibu la mahali kwa mahali. Kwa Northwood Manor jibu li wazi: watu walitangulia. Tatu, wengine walidai kwamba sababu ni umaskini, si rangi. Hapa twaona Bullard ana nguvu zaidi, kwa kuwa wakazi wengi wa Northwood Manor walikuwa na kazi na wamenunua nyumba zao wenyewe. Fedha zao hazikuwakinga. Lakini angeweza kueleza zaidi namna rangi na tabaka zinavyoshikana mikono.

Maisha ya kazi hiyo baada ya kushindwa mahakamani yanafundisha. Tarehe 11 Februari 1994 Rais Bill Clinton alitia sahihi amri namba 12898, iliyozitaka idara za serikali kuu zitazame madhara yanayowalemea maskini na jamii za wachache. Mwaka huo Bullard alianzisha kituo cha haki ya mazingira katika Chuo Kikuu cha Clark Atlanta, na mwaka 2011 akarudi Texas Southern kuwa mkuu wa kitivo. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao makuu Nairobi, lilimtunza kwa kazi ya maisha yake yote. Kisha, Januari 2025, Rais Donald Trump aliifuta amri ile ya 1994.

Kwa hiyo twaona kwamba sheria iliyoletwa na kalamu yaweza kuondolewa na kalamu. Lakini majaa 5 kati ya 5 yatabaki 5 kati ya 5. Hakuna sahihi iwezayo kuigeuza hesabu hiyo. Mwanafunzi asidhani kwamba utafiti ulioshindwa mahakamani ni utafiti mbovu, wala kwamba uliotunzwa ni mzuri kwa sababu ya tunzo. Autazame kwa vipimo vyake wenyewe: je, swali lilikuwa la kweli, je, hesabu ilikuwa safi, na je, walioonewa walijiona ndani yake? Kwa vipimo viwili vya kwanza kazi ya Bullard imesimama imara. Kwa cha tatu imefika nusu ya njia, na nusu iliyobaki inamngoja mwandishi atakayeketi uani na kusikiliza.