Mwitu Wenye Wenyewe: Mahame, Mizimu na Mandhari ya Fantasia katika Masimulizi ya Mrima

Ikisiri

Makala haya yanahakiki usawiri wa mwitu katika masimulizi ya Mrima, hususan Bagamoyo na jirani zake, kwa kuulinganisha na mwitu wa Chult, nchi ya kubuni katika mchezo wa Dungeons & Dragons. Matini zinazochunguzwa ni maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, ngano ya zimwi na ngoma, Adili na Nduguze ya Shaaban Robert na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Hoja kuu ni kwamba katika fantasia ya Mrima mwitu si mahali pasipo na mtu. Ni mahali palipohamwa, penye wenyewe, na penye adabu ya kuingilia. Uhakiki unaouita mwitu huo ushirikina mtupu huukosa ujuzi wa historia uliomo ndani yake.

1. Utangulizi

Mwaka 2017 kampuni ya Wizards of the Coast ilichapisha Tomb of Annihilation, kitabu cha kuchezea Dungeons & Dragons. Mandhari yake ni Chult, rasi ya joto yenye msitu mkubwa, dinosaria na wafu wanaotembea. Wachezaji huanzia Port Nyanzaru, mji wa bandari unaoongozwa na wafanyabiashara saba. Hapo hupewa ramani ambayo sehemu kubwa ya bara yake imeachwa tupu na kugawanywa katika pembesita. Kuujua mwitu ni kuzijaza pembesita hizo moja baada ya nyingine, hadi mji uliopotea wa Omu uonekane.

Mpangilio huo si mgeni kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki. Bandari yenye biashara, na nyuma yake bara isiyojulikana inayomngoja msafiri shujaa, ndiyo picha ambayo maandishi ya wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 yaliieneza kuhusu Bagamoyo, mji ambao Henry Morton Stanley aliondokea mwaka 1871. Hata jina la Nyanzaru lina mwangwi wa nyanza. Swali linalofaa kuulizwa na mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ni hili: kwa watu waliokaa Bagamoyo kwenyewe, mwitu uliokuwa nyuma ya mji ulikuwa na sura gani?

2. Lugha ya mandhari

Jibu linaanzia katika msamiati. Kiswahili kina msitu, mwitu, pori na nyika, maneno yanayotofautisha wingi wa miti, ukavu wa ardhi na umbali kutoka makazi. Pamoja nayo kuna mahame, nomino itokanayo na kitenzi hama. Mahame huweza kufunikwa na miti hadi mgeni asiyatofautishe na msitu. Hata hivyo, neno lenyewe linashuhudia kwamba watu waliishi hapo kisha wakaondoka. Pale ambapo ramani ya mchezo inaacha nafasi tupu, nomino hii inaweka habari ya uhamaji.

Mzizi -zimu unapanua zaidi uhusiano huo. Mzimu ni roho ya aliyekufa na pia mahali inapotambikiwa. Kuzimu ni makazi ya wafu. Zimwi ni kiumbe cha kutisha cha ngano, na wazimu ni hali ya mtu aliyepotewa na akili. Kwa kubadili ngeli tu, mzizi mmoja unataja roho, mahali, jitu na maradhi. Hivyo, kuupachika mzimu katika mandhari si kuongeza pambo la ajabu juu ya miti na mawe. Lugha yenyewe imekwisha kuvifunga pamoja mahali na mwenye mahali.

Ardhi ya Mrima inathibitisha mantiki hii. Kaole, kusini kidogo mwa Bagamoyo, pana magofu ya misikiti miwili na makaburi, mengine yakiwa ya nguzo, chini ya mibuyu. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, pia pana msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo. Magofu, makaburi na miti mikubwa vinapokutana mahali pamoja, mpaka kati ya mji na mwitu hauwi mstari ardhini. Unakuwa suala la muda: mwitu ni mji uliotangulia.

3. Bara yenye majina: Mtoro bin Mwinyi Bakari na ngano

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900, ndiye shahidi wa karibu zaidi. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, imo habari ya safari yake ya Udoe na Uzigua. Majina hayo mawili yanatosha kuonyesha tofauti. Kiambishi U- kinaitaja nchi kwa watu wake: Udoe ni nchi kwa sababu kuna Wadoe, na Uzigua kwa sababu kuna Wazigua. Msafiri huyu hajazi ramani tupu. Anatoka kwa wenyeji mmoja na kuingia kwa wenyeji wengine, na kazi yake ni kujua mila zao.

Katika Desturi za Wasuaheli (1903), habari za pepo na uganga zimewekwa katika kitabu kimoja na ndoa, kilimo na sheria. Uwekaji huo una maana kihakiki. Pepo hawakutengewa sura ya mambo ya ajabu. Wameingizwa katika orodha ya mahusiano yenye taratibu, gharama na wataalamu. Katika mchezo, kiumbe wa mwituni hupimwa kwa nguvu zake za kupigana. Katika maandishi ya Mtoro, pepo hujulikana kwa jina lake na kwa anachodai.

Ngano ya zimwi na ngoma, ambayo husimuliwa kwa matoleo mengi pwani, inafuata mantiki hiyohiyo. Msichana anarudi ufukweni peke yake kuchukua kombe aliyoisahau, zimwi linamkamata na kumtia ndani ya ngoma. Baadaye zimwi linapita kijiji hadi kijiji, likipokewa kama mgeni na kulishwa kwa sababu ngoma yake inaimba. Linaangamia pale wazazi wanapoitambua sauti ya mtoto wao. Kiumbe huyu wa kutisha anaishi ndani ya sheria za ugeni, na anashindwa kwa sababu ya sikio la mzazi, bila upanga. Methali isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha inaeleza kanuni hii kwa ufupi: hatari kubwa iko katika kutojulikana.

4. Mji wa mawe na mzimu wa shambani

Riwaya andishi zimeurithi mwitu huu na kuujaribu. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert, mzaliwa wa jirani na Tanga, alichukua kisa chenye asili katika Alfu Lela Ulela akakipa maadili yake mwenyewe. Adili anafika katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na humo anamkuta Mwelekevu, binti aliyesalimika. Uzito wa tukio hilo uko katika masimulizi ya Mwelekevu kuhusu kilichowapata watu wake. Mji uliokufa una mrithi, na mgeni anapaswa kumsikiliza. Mtindo wa kisa ni wa ng'ambo, lakini msomaji wa Mrima aliyezoea magofu anaupokea kama habari ya mahame.

Mzimu wa Watu wa Kale (1960) unaleta jaribio gumu zaidi. Mwenye shamba anakutwa ameuawa kwenye mzimu, na mahali penyewe panachochea fikra kwamba watu wa kale wamehusika. Bwana Msa anatafuta mkono wa binadamu. Kwa istilahi za Tzvetan Todorov, ambaye mwaka 1970 aliifafanua fantasia kuwa ni kusita kati ya maelezo ya kimaumbile na yasiyo ya kimaumbile, riwaya hii inauondoa usitaji kwa kuegemea maumbile. Ni rahisi basi kuisoma kama ushindi wa akili dhidi ya ushirikina.

Usomaji huo unafaa kwa swali la nani aliua, lakini hautoshi kwa swali la mahali. Bwana Msa anaifumbua jinai. Hakuna hoja yake inayouondoa mzimu pale ulipo, wala inayokanusha kwamba watu wa kale walikuwepo. Zaidi ya hapo, mahali hapo panaweza kuelekeza hofu ya watu kwa sababu tu pana heshima inayotambuliwa na wote. Upelelezi unaitegemea heshima ileile ambayo usomaji wa kimantiki unadai imefutwa.

5. Mjadala

Ulinganisho huu usichukuliwe kuwa Chult haina historia. Omu ina wafu wake na miungu wake tisa, na waandishi wameieleza habari ya kuanguka kwake kwa kirefu. Kasoro iko kwingine: katika namna historia hiyo inavyotumiwa. Wafu wa Chult ni vikwazo vya kuvukwa, na makaburi yake ni ghala la hazina. 

Tofauti hiyo inavuka mipaka ya fasihi. Kaskazini-magharibi mwa Bagamoyo, msitu wa Zaraninge sasa umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Nchini Kenya, misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na iliingizwa kama makazi ya zamani yanayolindwa na wazee kwa miiko. Uamuzi huo ulisoma msitu jinsi neno mahame linavyousoma. Fasihi, filamu au mchezo unaoonyesha msitu wa pwani kama mahali pa kugunduliwa unaidhoofisha hoja ambayo wenyeji wanaihitaji sana: kwamba walikuwapo.

6. Hitimisho

Kijana wa Tanzania anayebuni leo riwaya au mchezo wa fantasia hana upungufu wa mwitu wa kuazima kutoka nje. Mrima unampa kanuni nyingine ya utunzi, ambamo jaribio la kwanza la mhusika ni kujua amefika kwa nani. Kanuni hiyo haidai imani katika mizimu, kama Bwana Msa anavyothibitisha. Inadai kwamba mahali pasiandikwe kabla wenyewe hawajatajwa.